Beseni Lina Kazi

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Kongwa
na gunia tupu na kamba ya katani,
maana huku Ilazo, kwenye vyumba vyangu viwili,
rafiki zangu siku hizi hutundika ukutani
sahani za zamani, zile za bati lenye ngozi ya kaure,
nyeupe, ukingo wa buluu,
na mgeni akiingia husema: ala! umezipata wapi?

Nami nilijua zilipo. Nimenywea uji humo.

Bibi Sechelela alinisikiliza, akajifunga khanga upya.
"Chukua," akasema. "Chukua chochote utakachokikuta kimekaa bure."

Nikaanza na birika.
Limening'inia kwenye minyaa,
mpini uling'oka zamani, limefungwa kwa waya,
na chini yake mche wa mpapai.
Kila anayetoka chooni huliinamisha,
ananawa, maji yanashuka, mpapai unakunywa.
"Kongwa maji hayana safari moja," akasema bibi.

Nikaenda kwenye kile kisahani chenye umbo la figo
alichokuja nacho shangazi Foibe alipostaafu uuguzi Mvumi,
kilichobeba sindano na pamba miaka thelathini.
Kimejaa udongo mwekundu na mbolea ya mbuzi;
vitunguu majani vimesimama humo, wima,
kama wagonjwa waliopona wakisubiri ruhusa.

Bakuli lililotoboka kitako
humiminia uwele mdomoni mwa gunia,
halimwagi hata punje.
Sahani mbili zimefunika mitungi. Ya tatu,
iliyobambuka mpaka ikaonyesha weusi wake,
imetobolewa ukingoni kwa msumari
na kufungwa mtini katikati ya mtama;
upepo ukivuma inagonga, inagonga,
na wingu la kwelea linageuza njia.

Na kile chungu cha usiku (tucheke tu)
cha bwana mmoja wa mpango wa karanga,
alichopewa baba yake bibi, pamoja na koti,
siku wazungu walipofunga virago:
kina shubiri. Imenona, imemwagika nje ya kingo.
"Alikuja kutulimia karanga," akasema bibi
akikata jani la kupaka ufa wa kisigino,
"sasa analimiwa shubiri."

Likabaki beseni.
Kubwa, lenye waridi katikati,
alilonioshea kichwa kila Jumamosi,
mimi nikililia sabuni machoni
na waridi likitikisika chini ya povu.
Lilikuwa nyuma ya jiko, kivulini, limetandikwa nyasi kavu.
Nikanyoosha mkono.
Kuku mweupe akanitazama kwa jicho moja
kama karani wa ardhi.

"Beseni lina kazi," akasema bibi.

Jioni nikarudi na gunia langu.
Ndani yake kifuniko kimoja tu,
kilichofiwa na sufuria yake mwaka wa njaa, sijui upi,
na mfuko wa mlenda mkavu, na onyo:
usikisugue kwa mchanga, kina ngozi kama wewe.

Nikakitundika sebuleni, ghorofa ya pili.
Mgeni akakisifu. Nikataka kumwambia
kwamba kinaona haya pale,
kutazamwa mchana kutwa bila kufunika kitu.
Alipoondoka nikakiteremsha,
nikakilaza chali kati ya matofali mawili barazani,
nikakijaza maji.
Siku ya tatu akaja chiriku mwembamba,
akanywa, akakinyea, akaruka.

Jumapili simu ikalia, mtandao wa Kongwa ukikatakata:
"Beseni... nasema beseni... limepata watoto saba.
Ukija, uje na chenga za mchele."